Kulungu Wapangiwa Uzazi New York

Je, msomaji, ungefanyaje kama kulungu wangeingia uani mwako usiku wakamaliza maua na mboga zote? Ungewapiga risasi, au ungemwita daktari awapangie uzazi?

Usicheke. Jiji la New York lilimwita daktari.

Katika Staten Island, sehemu ya jiji hilo, kulungu waliohesabiwa mwaka wa 2008 walikuwa 24 tu. Hesabu ya ndege mwaka wa 2014 ilionyesha 763. Yaaminika wa kwanza waliogelea kutoka New Jersey, ng'ambo ya maji. Simba hakuna, chui hakuna, na uwindaji jijini ni marufuku. Wangekosaje kuzaana?

Hapo wakazi wakagawanyika. Wenye watoto waliopenda kuwatazama dirishani walisihi waachwe. Wenye magari yaliyowagonga, na waliohofia kupe wa ugonjwa wa Lyme, hawakutaka huruma hiyo. Na bunduki karibu na nyumba za watu? Wengi walishtuka.

Basi mwaka wa 2016 madume yakaanza kudungwa sindano ya usingizi na kufungwa uzazi, zaidi ya 1,000 kwa jumla. Wapinzani waliuliza swali ambalo mfugaji yeyote wa mbuzi angeuliza: dume mmoja akikwepa, si atatosha majike wengi? Hata hivyo, baadaye jiji lilitangaza kwamba idadi imepungua. Gharama ilikuwa mamilioni ya dola.

Wenzao wa Hastings-on-Hudson, kaskazini mwa jiji, walianza na majike mwaka wa 2014: sindano ya kuzuia mimba.