Wageni wa Mahema Shambani: Jinsi ya Kuomba Kibali

Barabara kuu iendayo Zambia yapita hapa Ilomba, na wakati wa kiangazi twaona wasafiri waliofunga mahema juu ya magari yao. Wengine huja kupanda Mlima Mbeya, wengine huenda kutazama Ziwa Ngozi lililo ndani ya shimo la volkano kule Uporoto, na wengine hufuata maua ya Kitulo, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 2005. Wengi wao hawatafuti hoteli kubwa. Wataka mahali patulivu, maji safi, choo, na moto wa kuota, maana usiku wa huku ni baridi.

Jambo hili si geni katika nyanda zetu. Huko Kisolanza, kilomita 50 hivi kutoka Iringa kwa njia ya kuja Mbeya, liko shamba ambalo limepokea wasafiri wa mahema kwa miaka mingi huku kilimo kikiendelea. Basi mzazi mwenye shamba la viazi au kahawa aweza kuuliza, "Nami je?" Naye pia aweza, lakini ruhusa hutangulia hema.

Kwa nini ruhusa? Kwa sheria ya Tanzania, ardhi yote ni mali ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Alichonacho mkulima ni haki ya kuitumia, na haki hiyo hufuatana na matumizi yaliyokubaliwa. Kumlaza mgeni bure usiku mmoja ni ukarimu. Kumlaza kwa malipo ni biashara. Mwenye kugeuza shamba kuwa mahali pa biashara pasipo ruhusa aweza kufungiwa, akapoteza gharama zake zote.

Kwanza, yafaa kujua shamba liko katika ardhi ya namna gani. Kama liko kijijini, latawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Hapo msimamizi ni Halmashauri ya Kijiji, nayo hujibu mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, na eneo lile limetengwa kwa kilimo tu, mwombaji hana budi kungoja mpaka wanakijiji wakubali kuubadili. Lakini shamba likiwa ndani ya mipaka ya mji, kama hapa Ilomba, maombi hupelekwa kwa Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi mjini.

Pili, iandikwe barua. Barua njema hutaja jina la mwombaji na hati aliyo nayo. Ukubwa wa shamba, na ni sehemu gani itakayopigwa mahema. Idadi ya mahema. Choo kitakuwa wapi. Maji yatatoka wapi. Taka zitatupwa wapi. Na kilimo gani kitaendelea. Ramani ndogo iliyochorwa kwa mkono husaidia sana. Mwombaji azungumze na majirani kabla ya kikao, kwa kuwa wao ndio watakaosikia kelele za usiku, na dawa wanayopulizia viazi vyao ndiyo itakayowafikia wageni.

Tatu, yaangaliwe maji na afya. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Wageni hupenda kulala karibu na kijito, lakini watu wa bondeni hunywa maji yale yale. Ofisa wa afya aitwe apaone mahali pa choo kabla shimo halijachimbwa.

Nne, ni leseni. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 yataka kila afanyaye biashara ya utalii awe na leseni. Ofisa biashara wa halmashauri ataeleza leseni ipi yahitajika, na ofisi ya kodi nayo isisahauliwe. Tena kiwepo kitabu cha wageni: jina, atokako, siku ya kufika na siku ya kuondoka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho, tahadhari. Huenda akaja mtu mwenye fedha, akasema, "Mzee, wewe tia kidole hapa tu, mimi nitashughulikia vibali vyote." Karatasi ile yaweza kuwa ya kuweka mahema miezi mitatu, au ya kuliachia shamba lote kwa miaka mingi. Sheria haimruhusu asiye raia kupewa ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa, na mapatano juu ya ardhi ya kijiji hayafai kufichwa Halmashauri ya Kijiji.

Hapa mwanafunzi ana kazi yake. Asome karatasi yote kwa sauti mbele ya wazazi, aulize maana ya kila neno asilolijua, ahesabu miaka iliyoandikwa, na aombe nakala yenye mhuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona kama akiamka asubuhi na kukuta shamba si lake tena.