Uso umeumbwa na haya, je, hata ndani ya simu?

Wahenga wetu walinena kwamba uso umeumbwa na haya. Maana yake haijifichi. Neno la kupeleka kwa barua au kwa mjumbe huwa jepesi, lakini watu wakikabiliana jicho kwa jicho ulimi huona uzito. Anayetaka kukunyima hunyima kwa taabu, na anayetaka kukudanganya hutafuta pa kuyapeleka macho yake. Leo, ndugu msomaji, nautazama msemo huo kwa sababu wapo mafundi huko Marekani wanaojaribu kuutia uso mzima wa mtu ndani ya simu, nami nina kisa changu kinachohusu jambo hilo.

Marehemu baba yetu alituachia nyumba ya mawe katika Mji wa Kale, Mombasa. Warithi ni watatu: kaka yangu aliyeko Maskati tangu ujana wake, dada yetu, na mimi. Mwaka juzi akatokea mnunuzi, na barazani kukazagaa uvumi kwamba kaka amekwisha kupokea arbuni kwa siri. Nikampigia simu ya picha.

"Kaka, umepokea chochote?"

"Wallahi, ndugu yangu, sijapokea hata senti."

Maneno yalikuwa safi, lakini macho yake yalitazama chini. Sikumsadiki. Miezi saba nikawa namjibu salamu kwa mkato.

Alipokuja likizo tuliketi ukumbini, magoti yakikaribia kugusana. Nikamwuliza tena. Akanitazama usoni, akajibu maneno yale yale. Pale pale nilijua kwamba nimemdhulumu. Chuoni tulifundishwa tungali wadogo kwamba dhana nyingine ni dhambi. Mafunzo niliyahifadhi, ila uzito wake nilikuwa sijauonja.

Aliyenifumbua ni mpwa wangu, fundi wa simu. "Mjomba," akaniambia, "mtu akizungumza huitazama sura yako iliyo katikati ya kioo. Kamera iko juu, ukingoni. Ndiyo maana wewe humwona ameinamisha macho. Akitaka uone anakutazama, sharti aitazame kamera, na hapo yeye hakuoni wewe."

Simu za picha zenyewe si jambo la jana. Mwaka 1964 kampuni ya AT&T ilionyesha chombo kiitwacho Picturephone katika maonyesho makubwa ya New York, na mwaka 1970 ikaanzisha huduma hiyo mjini Pittsburgh kwa dola 160 kwa mwezi. Wateja walikuwa wachache mno, biashara ikafa. Siku hizi kila mtu ana simu ya picha mfukoni, lakini macho bado hayakutani.

Mei 2021 kampuni ya Google ilitangaza jaribio lililoitwa Project Starline. Mtu huketi mbele ya kioo kikubwa kama dirisha, na mwenziwe aliye mji mwingine huketi mbele ya kioo kama hicho. Hakuna miwani wala kofia ya kuvaa, tofauti na Holoportation, jaribio la Microsoft la mwaka 2016, ambalo mtazamaji alivaa chombo kichwani. Mei 2025 Starline ikapewa jina jipya, Google Beam, na mwezi uliofuata HP ikatangaza chombo cha kuuzwa chenye kioo cha inchi 65 na kamera sita.

Hufanyaje kazi? Fumba jicho moja, kisha jaribu kutia uzi katika tundu la sindano. Utakosea mara nyingi. Macho yetu mawili yameachana kidogo, na kila jicho huona picha yake. Akili ndiyo huziunganisha ikajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Picha ya kawaida huyapa macho yote mawili kitu kimoja, kwa hivyo mtu huonekana bapa kama chapati. Chombo hiki kipya hulipa kila jicho mwanga wake. Kamera humchukua mtu kutoka pande mbalimbali, na kompyuta yenye akili bandia humjenga upya akiwa na kina na unene wake. Kioo nacho hufuatilia kichwa cha mtazamaji kilipo, kikatuma mwanga wa kulia kwa jicho la kulia, na wa kushoto kwa la kushoto. Na kwa kuwa mtu amejengwa upya, kompyuta humwonyesha kama anavyoonekana na aliye mbele yake, si kama anavyoonekana na kamera ya ukingoni. Hapo macho hukutana.

Wala tusidhani elimu hii haituhusu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 hivi, aliandika Kitab al-Manazir huko Misri yapata miaka elfu moja iliyopita. Kabla yake walikuwapo wakubwa wa elimu waliosema kwamba jicho hutoa miale ikaenda kugusa vitu. Yeye akabainisha kwamba mwanga ndio utokao kwenye vitu ukaingia jichoni, na akachunguza pia vipi macho mawili huona kitu kimoja. Vioo vya leo vimejengwa juu ya msingi huo.

Sasa bei. HP ilitaja dola 24,999 kwa chombo kimoja, mbali na ada ya huduma yenyewe. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni tatu za Kenya, na chombo kimoja hakitoshi, kwani aliye ng'ambo naye awe na chake. Wanaolengwa ni makampuni na mikutano yao. Vijana wetu wanaofanya kazi Ghuba, na mama zao walioko Kibokoni na Lamu, hawamo katika hesabu hiyo.

Hata hivyo siibezi kazi hii. Mwalimu wangu wa chuoni alituketisha mbele yake, akatazama ulimi unagusa wapi tunapotamka dhadi. Kwa simu ya kawaida mafunzo hayo ni shida. Kama siku moja vyombo hivi vitakuwa rahisi, mtoto wetu aliyezaliwa Toronto ataweza kuketi mbele ya mwalimu aliyeko Lamu.

Ninaloliogea ni jingine. Tangu mwaka 2020 zipo simu za Apple zenye programu inayoyageuza macho ya mzungumzaji kwa kuyachora upya, yaonekane yanakutazama. Jicho lililochorwa halina haya. Miye nilimhukumu kaka yangu kwa macho yaliyopotoshwa na chombo. Kesho mwingine atamwamini laghai kwa macho yaliyonyoshwa na chombo. Mambo ya urithi, posa na suluhu, kwa rai yangu, bado yanataka mkeka mmoja.

Tusioweza milioni tatu, mpwa wangu ametupa dawa ya bure: iinue simu iwe sawa na macho, uiweke mbali kidogo. Kaka amefanya hivyo, na sasa namwona vizuri zaidi. Nami nimemwandikia ubeti huu wa kuomba radhi:

Nilikudhani moyoni, kwa jicho kuinamika,
Kumbe kosa la chomboni, si la moyo kugeuka,
Karibu kaka nyumbani, mkono tupate shika,
Uso hauna kifani, kwa macho ukisomeka.