Mkia Mzito wa Gari la Linwood

Wako watu wasemao kwamba gari lenye injini nyuma halifai kwa mashindano, kwa kuwa mkia wake ukishaanza kwenda upande hakuna usukani uwezao kuurudisha. Sisi hatuyakubali maneno hayo, na shahidi wetu ni gari dogo sana: Hillman Imp, lililoanza kuuzwa mwaka 1963, kazi ya mikono ya wafanyakazi wa kiwanda cha Linwood, karibu na Glasgow huko Uskoti, mahali ambapo kazi ya kuunda meli ilikuwa ikipungua.

Ndugu zetu wa gereji wataifahamu upesi shida yenyewe. Injini yake ya cc 875 ni ya aluminiamu, nayo ni nyepesi. Imelazwa upande, nyuma ya magurudumu ya nyuma. Hata hivyo zaidi ya nusu ya uzito wa gari waangukia huko. Dereva aingiapo konani kwa kasi kisha akaachia mafuta ghafula kwa hofu, uzito hukimbilia mbele, tairi za nyuma hupoteza mshiko, na mkia hutaka kutangulia kama kichwa cha shoka lililorushwa.

Wahandisi wake, Michael Parkes na Tim Fry, walilijua jambo hilo. Mbele waliweka mkono mmoja kila upande, wenye bawaba karibu na katikati ya gari, ili mbele iteleze kabla ya nyuma. Tena upepo wa tairi uliagizwa uwe ratili 18 mbele na 30 nyuma. Kwa mtu aendaye kazini, dawa hiyo yatosha.

Katika uwanja wa mashindano dawa yageuka kuwa ugonjwa, maana gari hukataa kukata kona. Hapo ndipo fundi aanzapo. Huzishusha bawaba za mbele, sehemu ya juu ya magurudumu ikaegemea ndani, na tairi ikapata kukanyaga lami kwa upana wake konani. Springi huzifupisha na kuzikaza, na shokabu hutia ngumu zaidi.

Lakini tazameni: kila aongezapo mshiko wa mbele, mkia nao wapata uhuru ule uliokuwa umefungwa. Mwenye haraka hutengeneza mbele leo, na kesho huenda akaingia ukutani kinyumenyume. Kwa hiyo nyuma hutiwa tairi pana zaidi, na magurudumu yake hupimwa yatazamane ndani kidogo. Kisha rejeta, ambayo kiwanda kiliiweka kando ya injini, huhamishiwa mbele. Magari ya kwanza yalisifika vibaya kwa kuchemsha maji, hivyo kwa kazi hiyo moja fundi hupata baridi na mizani pamoja. Kwa maoni yetu hakuna badiliko lenye akili kuliko hilo. Hata hivyo, tangi la petroli nalo li mbele. Gari lililoanza mbio likiwa na mizani njema huzimaliza likiwa jepesi puani, na fundi asiyelijaribu kwa tangi lililojaa na kwa tangi lililokaribia kukauka amemwachia dereva mtego.

Haya yote si maneno ya vitabuni. Gari la Imp lililotengenezwa na George Bevan na kuendeshwa na Bill McGovern lilitwaa ubingwa wa magari ya saluni wa Uingereza mara 3 mfululizo, mwaka 1970, 1971 na 1972. Kweli, pointi zilihesabiwa kwa madaraja, na Imp haikulazimika kuyapita magari makubwa ya Kimarekani yaliyokuwa njia moja nayo. Wengine hulitaja jambo hilo kwa dharau. Sisi twaona kwamba kushinda daraja lako mwaka baada ya mwaka, kwa gari ambalo wengi walilicheka, si jambo dogo.

Imp iliacha kuundwa mwaka 1976. Kiwanda cha Linwood kikafungwa mwaka 1981, na maelfu wakakosa kazi. Magari yenyewe yangali yakishindana Uingereza katika mbio za magari ya kale, na bado fundi huanza na bawaba za mbele.