Safari za Vizazi Vitatu kwenda Ghuba: Faida Iko kwa Nani?

Biashara ya kuwapeleka watu wa nyumba moja, bibi na babu, wana na wakwe, pamoja na wajukuu wa kila kimo, kwenye bustani kubwa za michezo za Dubai na Abu Dhabi, imekwisha kuwa sehemu ya riziki ya mawakala wa safari wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa. Na kwa kuwa jamaa nyingi za pwani zina ndugu Maskati na kwingineko katika Ghuba, safari hizo aghalabu hutimiza haja mbili kwa gharama moja, kufurahisha watoto na kuunga udugu. Bei hutangazwa likizo zinapokaribia, nazo hupigwa kwa kila kichwa. Ilhali kila aliyewahi kuongoza msafara wa namna hii anajua kwamba safari ya ukoo husimama au huanguka kwa hali ya yule aliye dhaifu kuliko wote.

Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, aliyedumu katika kazi hii muda mrefu na ambaye hakuridhia jina lake litajwe, anasema kwamba hasara yake haitoki katika nauli wala katika hoteli, bali katika arbuni. Mashirika ya ndege, asema, hutoa nauli ya kikundi kwa abiria wasiopungua 10, hutaka arbuni mapema, kisha hutaka majina kamili kabla ya siku waliyoiweka. Hoteli nazo hudai malipo ya awali katika msimu wa wageni wengi. Naye, kwa kuogopa viti visichukuliwe na wengine, hutanguliza fedha zake mwenyewe wakati baba wa familia angali akikusanya michango ya ndugu zake. Ikitokea viza ya mmoja imecheleweshwa, au bibi amepandwa na shinikizo la damu katika wiki ya kuondoka, hakibaki kitupu kiti kimoja tu, bali ukoo mzima huahirisha, maana hakuna mwana mwenye adabu atakayemwacha mama yake nyuma akaenda kustarehe. Na hapo wote humgeukia wakala wakidai haki yao, hali fedha zenyewe zimekwisha kuvuka bahari.

Lalamiko lake la pili ni kwamba tadbiri ya safari haina ujira. Katika orodha aliyotuonyesha, iliyoandikwa kwa mkono, tarehe ya kuzaliwa ya bibi ni 1 Januari, kwa kuwa wazee wake walikumbuka mwaka tu. Jina la mjukuu mmoja laanza kwa herufi mbili katika cheti na kwa herufi moja katika pasipoti. Mwingine atatimiza miaka 12 kabla ya kurudi, na huenda akatozwa nauli ya mtu mzima. Na mbele ya jina la babu pameandikwa kiti cha magurudumu, ambacho shirika la ndege aghalabu hutaka kuarifiwa saa 48 kabla. Akiisha kuyanyoosha hayo yote, wateja wengine huichukua ratiba yake wakaenda kununua kwenye intaneti palipo nafuu kidogo, wasimwachie hata asante.

Na ratiba yenyewe si kazi ya mchana mmoja. Katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, liko gari la reli liendalo kilomita 240 kwa saa, lililofunguliwa mwaka 2010, na magari makali ya namna hiyo hutaka kimo ambacho mara nyingi ni sentimita 130 au 140. Mtoto husimamishwa kwenye kipimo mlangoni, na akipungua kidole kimoja hapandi, hata awe amevuka bahari kwa ajili yake. Mpangaji mwema huwapima wajukuu wakingali nyumbani. Kadhalika hukumbuka kwamba joto la nje hupita nyuzi 40 kiangazi, ilhali bustani za ndani hupozwa hata mzee akahitaji sweta juu ya kanga yake. Na bibi asiyepanda chochote huenda akalipiwa tiketi nzima ili akae kitako akilinda mikoba.

Afisa mmoja wa utalii, alipoulizwa juu ya hali ya biashara hii, alijibu kwamba Dubai peke yake ilipokea wageni wa kulala milioni 18.72 mwaka 2024, na kwamba takwimu hiyo ni ushahidi tosha wa neema. Hesabu hiyo ilitangazwa rasmi, nasi hatuikanushi. Lakini haisemi ni wangapi walioingia bustanini, wala ni wangapi waliotoka mwambao wetu, wala ni nani aliyebeba hasara ya wale ambao hawakusafiri. Haitaji pia kwamba dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa moja, tangu mwaka 1997, hata shilingi ikiteleza mzigo humwangukia mnunuzi wa huku. Wala kwamba Dubai hutoza ada ya utalii ambayo katika hoteli za daraja la juu ni dirhamu 20 kwa chumba kwa usiku, yaani dirhamu 400 kwa familia ya vyumba vinne na usiku tano, mbali na kodi ya asilimia 5 iliyoanza mwaka 2018.

Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba bustani nyingine kubwa itajengwa Yas, na yamkini hamu ya wateja itazidi. Lakini wateja wakizidi, huenda arbuni nazo zikazidi, na wakala mdogo akazidi kudhoofika. Baadhi ya familia zimeanza kukutana kwanza Maskati kwa ndugu zao, kisha zikaenda Dubai kwa basi dogo, mwendo wa kilomita zipatazo 450, zikapunguza usiku wa hoteli. Nafuu hiyo ni ya wenye jamaa huko. Kwa waliosalia, lililo salama ni masharti ya kurudishiwa arbuni yaandikwe na kusomwa mbele ya ndugu wote wanaochanga, na ujira wa kupanga safari utajwe waziwazi katika bei. Maana ikiwa mwenye kuhangaikia viza ya bibi hapati kitu, haitachukua muda kabla ya kazi hiyo kukosa wa kuifanya, na wazee ndio watakaokuwa wa kwanza kuachwa nje ya orodha.