Jeshi la majini na majini

Juma lililopita nilikuwa ndani ya basi kutoka Iringa kwenda Mbeya. Tulipofika Makambako ubishi ulikuwa umepamba moto: vile vitu wanavyoviona wanajeshi wa Marekani juu ya bahari ni nini? Mzee mmoja akakata shauri: "Jeshi la majini limekutana na majini!" Basi zima likacheka.

Tuanze na yanayofahamika. Novemba 2004, karibu na pwani ya California, marubani wa manowari ya kubeba ndege iitwayo Nimitz waliona kitu cheupe kisicho na mabawa kikienda kasi juu ya maji. Mwaka 2019 jeshi hilo lilitangaza kwamba linaandaa utaratibu mpya wa kuripoti mambo hayo, ili marubani wasinyamaze kwa kuogopa kuchekwa. Juni 2021 serikali yao ilitoa hesabu: taarifa 144. Iliyoelezeka kwa hakika ni moja tu, nayo ilikuwa puto kubwa linaloishiwa hewa. Nyingine ziliandikwa kuwa hazijafahamika, basi. Machi 2024 Wizara ya Ulinzi ilisema haikupata ushahidi wa vyombo vya viumbe kutoka nje ya dunia.

Nasi tunao mfano wetu. Mwaka 1861, katika Ziwa Nyasa, Livingstone aliona mawingu kama moshi wa nyika inayoungua. Moto haukuwapo. Alipopita ndani yake alilazimika kufumba macho na mdomo: walikuwa wadudu wadogo, kungu, ambao hukulia majini kisha huibuka kwa mamilioni. Wenyeji wa Kyela hawahitaji kuelezwa. Aliyeona moshi hakusema uongo. Alikuwa hajasogea karibu.

Nayasema haya kwa sababu. Kwetu, taa ikionekana mlimani usiku, au mtoto akiugua ghafla, jina lipo tayari: uchawi. Jina likishatamkwa hutafutwa mwenyewe, na mara nyingi hupatikana bibi kizee mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni alipokuwa akitupikia. Wazee wa nchi hii wameuawa kwa hukumu ya namna hiyo.

Kusema "sijui" si aibu. Ni mwanzo wa kuuliza, kupima na kusogea karibu. Mzee wangu wa basini, kama unanisikiliza, utani wako ulikuwa mtamu. Lakini jina tusilitoe kabla ya uchunguzi.