Nzi Anayekunja Kangaga

Ukipita kwenye misitu yenye unyevu ya Uingereza mwezi Juni, utaona kangaga zimetandaza majani yake mapana yenye umbo la unyoya. Tazama ncha. Hapa na pale lipo jani ambalo sehemu yake ya chini imefunguka vizuri, ila ncha imejiviringisha na kubaki fundo la kijani, kama kitambaa kilichofinyangwa kiganjani. Si baridi wala ukame. Ndani yake kuna buu.

Ni buu wa Chirosia betuleti, nzi mdogo wa kijivu ambaye ungemdhania nzi wa kawaida wa nyumbani. Jike hutaga kwenye jani changa linapokuwa bado linakunjuka. Buu akianguliwa huingia kwenye uti wa jani na kuutoboa akila, na uti uliotobolewa hivyo haunyooki tena sawasawa. Vijani vya pembeni hujisokota kuuzunguka. Lichambue fundo hilo taratibu kwa kucha utamkuta: mweupe, hana miguu, kichwa hakionekani, mdomoni ana kulabu nyeusi za kukwangulia.

Kinachonivutia zaidi ni mmea aliouchagua. Kangaga hazina maua wala mbegu. Ukoo wake ulikuwepo duniani mamilioni ya miaka kabla ya ua la kwanza kuchanua, na wadudu wanaozila ni wachache ukilinganisha na wale wa mimea ya maua. Baadhi ya kangaga zina sumu kali. Pteridium aquilinum, kangaga iliyoenea karibu dunia nzima, ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 na kemikali inayosababisha saratani. Wafugaji wa nyanda za juu za Kenya wanayajua madhara yake: ng'ombe wanaoila kwa muda mrefu hukojoa damu.

Hata hivyo jamii ya Chirosia imefanya kangaga kuwa riziki yake, na imegawana mmea kwa utaratibu wa ajabu. Kwenye Pteridium huko Uingereza, Chirosia grossicauda hukunja ncha za vijani kuelekea chini, Chirosia histricina huchimba vijia ndani ya kijani chenyewe, na Chirosia albitarsis hutoboa shina la jani. Mmea mmoja, ndugu watatu, kila mmoja na chumba chake.

Mwanaikolojia Mwingereza John Lawton aliona kwamba kangaga hii inaweza kujibu swali kubwa: je, kila nafasi ya kuishi kwenye mmea lazima ijazwe? Kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1970, aliwafuatilia wadudu wa Pteridium kwenye mbuga ya Skipwith, Yorkshire, na kuwaweka kwenye mafungu kwa sehemu wanayokula na namna wanavyokula: wanaotafuna, wanaofyonza, wanaochimba ndani, wanaosababisha uvimbe. Kisha akawalinganisha na wale wa kangaga ya New Mexico, Marekani, na ya Papua New Guinea.

Mmea ulikuwa uleule, lakini huko aina za wadudu zilikuwa chache zaidi. Baadhi ya njia za kula zilizokuwa na wenyewe Skipwith, kule hazikuwa na mdudu hata mmoja, na wale waliokuwepo hawakuwa wamejitanua kuziziba.