Tangazo kwa Gunia la Mchele: Je, Yafaa?

Ndugu wanafunzi na wazazi, baadhi yenu mmetuuliza kwa nini matangazo mengine ya jarida hili hayalipiwi fedha. Jibu ni kwamba tunabadilishana: mwenye duka hutupa mchele wa futari ya madrasa, nasi humpa nafasi ya tangazo lake.

Kisheria jambo hili linafaa. Mtume (S.A.W.) alikataza ziada katika vitu sita vinapobadilishwa kwa jinsi moja: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Nafasi ya tangazo na mchele si jinsi moja. La kuogopwa hapa ni gharari, yaani kutojulikana sawasawa kinachouzwa.

Hilo lilitupata. Mwaka mmoja tulipatana na muuzaji kwa mdomo tu, "tangazo kwa gunia". Yeye alitarajia jalada la nyuma. Sisi tukampa nusu ukurasa wa ndani. Jarida lilikwisha chapwa na mchele ulikwisha liwa. Tulimwomba radhi, tukamlipa thamani yote ya gunia lake.

Tangu hapo tunaandika mambo manne: bei ya nafasi kwa shilingi, ukubwa na mahali pake, aina na kilo za bidhaa, na siku ya kukabidhi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatufundisha kuliandika deni la muda maalumu, hata likiwa dogo. Na tangazo la haramu au la uongo hatulipokei, hata kwa magunia kumi.

Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wabillahi tawfiq.